Jina na Jiwe: Ukumbusho wa Vita wa Kijiji cha Burwash na Maandishi ya Sanamu za Askari

Katika kijiji cha Burwash, jimbo la Sussex, kusini ya Uingereza, mtu afuataye njia kuu hata afike penye lango la kanisa la Mtakatifu Bartholomayo hukuta mnara mdogo wa mawe, umesimama ukingoni mwa uwanja wa kanisa, na kileleni pake pana taa. Mawe yake yamechongwa majina ya wanaume wa kijiji hicho waliokufa katika Vita Kuu ya 1914–1918. Desturi ya kijiji ilikuwa kuiwasha taa ile kila ilipotimia siku aliyokufa mmoja wao, hata jirani apitaye jioni aliweza kujua ya kuwa siku hiyo ni ya fulani. Miongoni mwa majina hayo limo la John Kipling, luteni wa kikosi cha Irish Guards, aliyepotea katika vita vya Loos mwezi wa Septemba mwaka 1915, umri wake miaka 18.

Babake kijana huyo alikuwa Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri, aliyekaa Burwash tangu mwaka 1902 hata alipokufa mwaka 1936. Habari za ukumbusho huu zingeweza kuishia hapo, na kuachiwa wanahistoria wa Sussex, lau kama mtu huyo huyo hangehusika na maandishi ambayo wasomaji wa Kiswahili wameyapita mara nyingi katika njia za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Kwa sababu hiyo jiwe la kijijini na sanamu za mjini hufaa kusomwa pamoja, moja likiwa ufafanuzi wa jingine.

Kwanza yapasa kueleza kwa nini vijiji vya Uingereza vilijaa kumbukumbu za namna hii baada ya mwaka 1918. Kabla ya hapo mawe ya vita yalikuwa machache, na mengi yalitaja majemadari, au vikosi kwa jumla. Mkulima au mtumishi aliyekufa katika vita vya ng'ambo mara nyingi hakutazamia kuandikwa jina lake. Lililogeuza hali hiyo ni amri. Mwezi wa Aprili mwaka 1915 aliuawa Ufaransa Luteni William Gladstone, mjukuu wa aliyekuwa Waziri Mkuu, na kwa ajili ya heshima ya jamaa yake maiti yake ilirudishwa ikazikwa katika uwanja wa kanisa la Hawarden, huko Wales. Jambo hili liliwaudhi watu, maana maskini hakuweza kufanya vivyo hivyo kwa mwanawe. Kisha ikakatazwa kabisa kurudisha maiti, awe wa tajiri awe wa fukara. Basi mamia ya maelfu ya nyumba zikabaki na msiba usio na kaburi. Matanga yaliwekwa, lakini hapakuwa na mahali pa kwenda siku ya arobaini, kama Mswahili angesema, wala pa kupalilia majani, wala pa kuweka ua. Jiwe la kijijini likawa badala ya kaburi, na ndiyo maana watu wengi walitaka liwekwe katika uwanja wa kanisa, penye makaburi ya wazee, si sokoni.

Kazi yenyewe ilifanywa na halmashauri za kijiji. Kasisi, mwenye shamba kubwa, mwalimu wa skuli, na mara nyingi mzazi mmoja au wawili waliofiwa, walikutana wakachanga fedha. Mashauri yao yalikuwa mengi kuliko mtu awezavyo kudhani akiuona msalaba mtulivu chini ya miti. Wengine walisema heri kujenga ukumbi wa kijiji au kununua kitanda katika hospitali, ili walio hai wafaidi. Wengine wakasema fedha za marehemu zisiliwe na walio hai. Wakristo wasio wa kanisa la Kiingereza walilalamika ya kuwa jiwe likiwekwa katika uwanja wa kanisa hilo, watoto wao watakuwa wageni juu yake. Tena uwanja wa kanisa una sheria yake: hapana jiwe litakaloingia humo bila ya idhini ya hakimu wa askofu, ambaye aliweza kukataa umbo, au maneno, au vyote viwili.

Walakini shauri lililokuwa zito kuliko yote ni la mpango wa majina. Je, yaandikwe kwa vyeo, kanali juu na askari mtupu chini? Au kwa siku za kufa? Au kwa alfabeti? Vijiji vilichagua njia mbalimbali, na kila njia ina maana yake. Orodha ya vyeo huwafanya marehemu waendelee kuwa jeshini. Orodha ya siku huwafanya wafe tena mmoja baada ya mwingine mbele ya msomaji. Orodha ya alfabeti huwarudisha nyumbani, maana huwaweka ndugu wa ukoo mmoja pamoja, na katika kijiji kidogo mtu huona jina moja la ukoo likirudiwa mara tatu au nne. Alfabeti, ambayo huhesabiwa kuwa mpango usio na maana, hapa ndiyo yenye maana ya ndani zaidi. Mwenye shamba na mchunga farasi wake hufuatana kwa sababu tu herufi zao zafuatana, na katika Uingereza ya mwaka 1920 hilo halikuwa jambo dogo.

Si kila jina lililokubaliwa. Thomas Highgate, mzaliwa wa Shoreham katika Kent, alikuwa askari wa kwanza wa Kiingereza kuuawa na jeshi lake mwenyewe kwa kosa la kukimbia, tarehe 8 Septemba 1914, mwezi mmoja tu tangu vita kuanza. Mwaka 2000, wakati jiwe la kijiji lilipokuwa likitengenezwa upya, halmashauri ya Shoreham ilipiga kura jina lake lisitiwe. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwasamehe askari 306 waliouawa kwa hukumu za namna hiyo, naye akiwamo. Vijiji vichache, kwa upande mwingine, havikuwa na jina la kuandika hata moja, maana wote waliokwenda walirudi. Mwandishi Arthur Mee, katika miaka ya 1930, aliviita vijiji vyenye kushukuru, naye alipata habari za 32. Uchunguzi wa baadaye umefikisha idadi yao zaidi ya 50 katika Uingereza na Wales. Upper Slaughter, katika jimbo la Gloucestershire, ulinusurika katika vita vyote viwili. Kati ya maelfu ya vijiji, hamsini na kitu ndivyo vilivyopata bahati hiyo.

Lugha ya mawe haya inastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Kiingereza cha ukumbusho hakisemi mtu aliuawa, wala hakisemi alikufa kwa gesi au kwa kuhara. Husema ameanguka, au ametoa uhai wake. Neno la kuanguka, ambalo kwa Kiingereza limekuwa jina kamili la wafu wa vita, haliwezi kuhamishwa vivi hivi katika Kiswahili. Walioanguka, kwa masikio ya Mswahili, ni watu waliojikwaa, au walioshindwa katika mtihani au uchaguzi, na wafasiri walioliandika hivyo wamewafanyia marehemu dhihaka bila kukusudia. Kiswahili kina kufa, kufariki, kuaga dunia, kufia kitu, na kwa Mwislamu kufa shahidi. Na kila kimoja chadai mtu aseme jambo kwa wazi kuliko Kiingereza kidaivyo. Kufia, kwa mfano, hutaka kutajwa lile lililofiwa.

Tena Kiswahili hutenga mambo mawili ambayo Kiingereza cha mawe huyachanganya. Kumbukumbu hutoka katika kukumbuka, nayo ni kitu kilichomo ndani ya mtu au kilichohifadhiwa naye. Ukumbusho hutoka katika kukumbusha, yaani kumfanya mwingine akumbuke. Jiwe la Burwash lilikuwa kumbukumbu kwa waliolichonga, kwa kuwa waliwajua wale vijana kwa sura na sauti. Kwa mtoto aliyezaliwa mwaka 1930 lilikuwa ukumbusho tu, na lingemkumbusha nini ikiwa halikuandikwa jina?

Hapo twamrudia Kipling. Mwanawe alikuwa na macho mabovu, akakataliwa na jeshi, naye baba ndiye aliyemwendea rafiki yake Lord Roberts ili kijana apatiwe nafasi. Maiti haikutambuliwa wakati wa uhai wa wazazi. Mwaka 1992 ndipo Halmashauri ya Makaburi ya Vita ilipotangaza ya kuwa kaburi moja la askari asiyejulikana, karibu na Loos, ni lake, na wako walioikataa hoja hiyo. Mwezi wa Septemba 1917 Kipling aliingia katika Halmashauri hiyo, iliyokuwa imeundwa kwa hati ya Mfalme mwezi wa Mei mwaka huo huo, akawa mshauri wake wa maneno. Yeye ndiye aliyechagua, kutoka katika kitabu cha Yoshua bin Sira, aya ya majina yadumuyo milele, ambayo huonekana juu ya jiwe kubwa katika makaburi mengi ya vita duniani. Na yeye ndiye aliyetunga maneno machache yanayowekwa juu ya kaburi la askari asiyetambulikana, ya kwamba Mungu anamjua. Baba aliyeyatunga hayo hakujua mwanawe amelazwa wapi.

Shauri la Halmashauri, kama lilivyofafanuliwa na Sir Frederic Kenyon mwaka 1918, lilikuwa la usawa: litendwalo kwa mmoja litendwe kwa wote, bila kujali cheo wala utajiri. Kila aliyekufa aandikwe jina lake, ama juu ya kaburi, ama juu ya ukuta ikiwa kaburi halijulikani. Huko Thiepval, Ufaransa, majina yapita 72,000. Hili ndilo shauri la jiwe la kijijini, limekuzwa likawa la dola nzima.

Katika Afrika ya Mashariki halikutimizwa. Vita vya huku vilikuwa vita vya mizigo. Nchi ilikuwa na reli chache, na wanyama waliuawa na mbung'o. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilichukuliwa kichwani. Kwa upande wa Waingereza na wenziwe waliandikwa wapagazi wanaokadiriwa kukaribia milioni moja au kupita, wengi wao kwa nguvu. Katika Kenya msako mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa mwaka 1917, chini ya John Ainsworth. Hesabu za serikali zilikiri vifo vya wapagazi 95,000 hivi, na wanahistoria wengi huona ya kuwa hiyo ni pungufu. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa malaria, na kwa kupewa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, tena hakikupikwa kikaiva. Wapagazi wa Wajerumani nao walikufa kwa wingi, na habari zao zilizoandikwa ni chache zaidi.

Kati ya mwaka 1927 na 1928 zikafunuliwa sanamu za shaba zilizofanywa na mchongaji James Alexander Stevenson: Dar es Salaam askari mmoja mwenye bunduki, Nairobi watu watatu, mmoja wao mpagazi, na Mombasa pia. Maneno yalitungwa na Kipling, yakaandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hati za Kiarabu zikatumika pia. Mambo matatu yanasemwa humo. Kwanza, sanamu ni ya kuwakumbuka askari wenyeji waliopigana. Pili, ni ya wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme wao na nchi yao. Tatu, msomaji anaambiwa ya kuwa akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Maandishi hayo yamesifiwa mara nyingi, na kwa sauti yake yanastahili sifa. Yakisomwa baada ya kutoka Burwash, yanashangaza. Sentensi ya mwisho yaahidi jina, na juu ya jiwe lile hapana jina hata moja. Tena angalia anayekabidhiwa kazi ya kukumbuka. Kijijini Sussex jiwe ndilo likumbushalo, na kijiji kizima ndicho kilichochanga. Hapa kazi imewekwa juu ya watoto wa marehemu, kwa masharti ya kwamba marehemu aliwahi kuzaa, na ya kwamba watoto waliambiwa baba alikufia wapi. Vijana wengi waliochukuliwa katika msako wa 1917 walikuwa hawajaoa. Nafsi iliyotumiwa ni ya pili, umoja, na sentensi ni ya sharti: ukifanya hivi, kitatokea hiki. Jiwe la Burwash husema juu ya watu waliokwisha kufa. Hili lazungumza na aliye hai, nalo, kusema kweli, lakaribia kumwandikisha jeshini. Nchi yako, katika maneno hayo, ni ipi kwa Mnyamwezi aliyeanza vita akimchukulia Mjerumani na kuvimaliza akimchukulia Mwingereza? Mfasiri wa Kiswahili hakuwa na njia ya kuliepa swali hilo, kwa kuwa kupigania, kama kufia, ni kitenzi kitakacho kitajwe kilichopiganiwa.

Na ile tashbihi ya miguu na mikono: ni nzuri, lakini viungo vya mwili havina majina. Mtu hulijua jina la mwenye mkono.

Haiwezi kusemwa ya kuwa majina hayakujulikana. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wapagazi katika Kenya, aliweka madaftari, na kila mpagazi alivikwa kibati chenye nambari ili alipwe mshahara wake. Baada ya vita mishahara ya waliokufa ambayo haikudaiwa na jamaa zao ilikuwa mashauri marefu baina ya serikali, na mashauri hayo yasingaliwezekana pasipo orodha. Kilichokosekana ni nia. Barua za maofisa wa miaka ya 1920, zilizochapishwa na wachunguzi tangu wakati huo, zaonyesha ya kuwa Gavana wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, aliona mawe ya makaburi kwa wapagazi ni kupoteza fedha, na ikaamuliwa makaburi yao yaachwe yarudi porini. Gavana Guggisberg wa Gold Coast aliandika mwaka 1923 ya kuwa mwenyeji wa kawaida wa huko hangelifahamu jiwe la kaburi wala kulithamini. Ilisemwa pia ya kuwa watu hawa hawana hisia juu ya makaburi ya wafu wao. Neno hilo liliandikwa juu ya watu ambao wengi wao hufanya matambiko makaburini, huwapa wajukuu majina ya babu ili yasipotee, na huhesabu ya kuwa aliyekufa ugenini bila kuzikwa na ndugu ni deni lisilolipika. Mama wa Sussex aliyetaka jiwe kwa sababu hakuwa na kaburi angalielewana na mama wa Ukambani bila ya mkalimani.

Lakini wapagazi walipata ukumbusho ambao hakuna halmashauri iliyoupanga. Jina la Kiingereza la kikosi chao liliingia katika Kiswahili likawa Kariakoo, na mahali walipopiga kambi katika Dar es Salaam pakaitwa hivyo hata leo. Wanaisimu wataona ufundi wa masikio ya watu. Konsonanti za mwisho, ambazo Mwingereza huziandika asizitamke, zimeachwa. Irabu ndefu ya neno la pili imehifadhiwa kwa oo. Na irabu mbili za neno la kwanza zimesawazishwa ziwe ia. Nairobi hutamkwa na kuandikwa Kariokor, kwa r ya mwishoni, kinyume cha kanuni ya silabi wazi. Yaelekea hapo maandishi ya ofisi yalishinda sikio. Huko Nyasa wapagazi waliitwa tengatenga, jina la kienyeji kabisa, lisilo na Mwingereza ndani yake. Maelfu ya watu hutaja neno Kariakoo kila siku wakienda kununua kitambaa au vitunguu, na walio wengi hawajui ya kuwa wamelitaja jeshi la wafu. Kwa tofauti iliyoelezwa juu, neno hili ni kumbukumbu ya lugha iliyokoma kuwa ukumbusho wa watu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita, ambayo tangu mwaka 1960 huitwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya uchunguzi juu ya nafsi yake, ikaomba radhi. Taarifa hiyo ilikubali ya kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa India, Afrika, Misri na Somalia, walikumbukwa pasipo usawa, na ya kuwa wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Mwezi wa Januari 2025 ulifunguliwa mjini Cape Town ukumbusho wa watumishi wa vikosi vya kazi vya Afrika ya Kusini, wenye majina zaidi ya 1,700, kila jina juu ya nguzo yake ya mti.

Kwa huku kazi itakuwa ngumu zaidi, na sehemu yake kubwa ni ya watu wa lugha. Majina ya madaftari yaliandikwa na makarani kwa kadiri walivyosikia, na karani wa Kiingereza, wa Kihindi au wa pwani kila mmoja alisikia kwa sikio lake. Sauti ambazo Kikamba, Kiluo au Kimakonde huzitenga ziliandikwa kwa herufi moja. Tena ilikuwa desturi ya zamani ya misafara ya kuwa mpagazi afikapo kambini hupata jina la Kiswahili, akawa Juma, au Mabruki, au Feruzi, na hilo ndilo aliloandikishwa. Jamaa zake walimlilia kwa jina jingine. Ili ajulikane ni nani, hapana budi kuyaweka majina yote mawili pamoja, na la pili halimo katika daftari lolote: lazima litafutwe vijijini, kwa wazee na kwa wajukuu waliorithi majina.